Wapole, Wakali na wa Katikati: Viumbe wa Minecraft Wakitazamwa Kutoka Simiyu

Minecraft ni gemu la kujenga na kunusurika. Mchezaji huanza mikono mitupu katika dunia iliyoundwa kwa vipande vya mchemraba. Hukata miti, huchimba mawe na kutafuta chakula, na jua likianza kuzama anatakiwa awe ameshapata mahali pa kujificha. Msweden Markus Persson alilitoa hadharani kwa mara ya kwanza Mei 2009, toleo kamili likafuata Novemba 2011, na mwaka 2014 Microsoft ikainunua kampuni ya Mojang, inayolitengeneza, kwa dola bilioni 2.5 za Marekani. Mwaka 2023 ilitangazwa kuwa nakala zaidi ya milioni 300 zimeshauzwa. Kwa kuwa linachezeka hata kwenye simu, kijana wa Bariadi au Maswa, mkoani Simiyu, Tanzania, anaweza kuingia katika dunia ileile anayocheza mwenzake wa Stockholm.

Linalonivuta katika gemu hili ni viumbe wake. Wako makumi ya aina, na wachezaji huwagawa katika makundi matatu. Wapo wapole, ambao hata ukiwapiga hukimbia tu. Wapo wakali, ambao wakikuona wanakufuata. Katikati wapo wanaokuacha uende zako mpaka uwachokoze, au mpaka hali fulani iwageuze. Mgawanyo huu haujali kama kiumbe ananyonyesha au anataga, ana manyoya au magamba. Unauliza tu atamfanya nini binadamu. Mkulima wa Meatu anayelala shambani mahindi yakikomaa naye huuliza hivyohivyo, na jibu lake ndilo linaloamua kama nyumba itakula mwaka huo.

Simiyu ni mkoa mzuri wa kulipima gemu hili. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha Bariadi, Maswa na Meatu zilizokuwa mkoa wa Shinyanga na eneo la Busega lililotoka Mwanza, na leo una wilaya tano, Itilima ikiwa mojawapo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.1, wengi wao Wasukuma wanaolima pamba, mahindi, mtama na viazi vitamu na kufuga ng'ombe. Upande wa mashariki mashamba yao yanakaribiana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Hapa watu na wanyama hukutana kweli, na nikiwalinganisha hao na wa kwenye simu naona kwamba kundi la katikati, ambalo wachezaji wengi hulipita haraka, ndilo lililobeba ukweli mkubwa kuliko mengine.

Nianze na wapole, kwa kifupi. Ni ng'ombe, kondoo, nguruwe na kuku. Ukishika ngano mkononi ng'ombe anakufuata, na ukiwalisha wawili wanapata ndama papo hapo. Ng'ombe wa Minecraft hali majani, hanywi maji, hapatwi na ndigana wala hana mwenyewe. Msukuma atamwona kiumbe wa ajabu sana. Kwake ng'ombe ni mahari, ni nguvu ya plau na ni akiba ya mwaka wa njaa, na kila mmoja anadai malisho. Ndiyo maana tangu zamani wafugaji wa Usukumani walitenga ngitili, maeneo ya majani yaliyofungwa wakati wa mvua ili mifugo iyapate kiangazi. Desturi hiyo ilififia, kisha ikafufuliwa kwa nguvu na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati sehemu kubwa ya Simiyu ya leo ikiwa bado Shinyanga. Pale malisho yanapokwisha, ng'ombe huvuka mpaka wa hifadhi, hukamatwa, na mwenye mifugo hujikuta mbele ya sheria. Mnyama mpole kuliko wote ndiye chanzo cha ugomvi mkubwa kati ya watu na hifadhi. Gemu halina namna ya kulionyesha hilo, maana ndani yake upole ni jambo kati ya mnyama na mchezaji mmoja, wakati huku mnyama huyohuyo anagusa kijiji kizima, jirani na serikali.

Kundi la wakali lina mambo mengi zaidi. Wengi wao huzaliwa gizani. Tangu toleo la Novemba 2021 wengi wa viumbe hao hawatokei isipokuwa mahali ambapo mwanga wa taa umekwisha kabisa, hivyo mwenge mmoja ukutani unatosha kulinda chumba. Zombi na mifupa itembeayo na pinde huungua jua likichomoza. Creeper, kiumbe wa kijani asiye na mikono, hukujia kimyakimya na kulipuka. Alizaliwa kwa bahati mbaya, mtengenezaji alipokosea vipimo vya nguruwe na kubadilisha urefu wa kwenda juu na wa kwenda mbele. Huyo naye humkimbia paka. Kuna hata kiumbe arukaye anayewashambulia wachezaji waliokesha siku tatu bila kulala. Yote haya yamepangwa kwa ustadi, na mtoto anayecheza hujifunza upesi kwamba hofu ina kanuni, na kanuni zikijulikana hofu hupungua.

Mwanga dhidi ya wakali wa usiku si jambo la kwenye gemu peke yake. Huko Kitengela, Kenya, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, mvulana wa Kimasai aitwaye Richard Turere aligundua kwamba simba waliokuwa wakila ng'ombe wa nyumbani kwao waliogopa tochi inayotembea. Akaunganisha taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka zizi, simba wakadhani kuna mtu anazunguka. Ubunifu wake ulimfikisha kwenye jukwaa la TED mwaka 2013, na taa za aina hiyo zikaigwa kwingine. Lakini tazama tofauti. Zombi wa Minecraft anashindwa na mwanga kwa asili yake. Simba anashindwa kwa sababu anafikiri.

Mtu wa Bariadi hahitaji kuelezwa sana zombi ni nani, kwa kuwa simulizi za misukule amezisikia tangu utotoni: mtu aliyedhaniwa amekufa, kumbe amechukuliwa kulima usiku shamba la mchawi. Wilayani humo kipo kijiji cha Gamboshi, ambacho kote nchini kimepakwa sifa ya kuwa makao makuu ya wachawi, ingawa wakazi wake ni wakulima na wafugaji kama wengine. Katika simulizi hizo fisi naye ana kazi yake, hupandwa na wachawi au hufugwa nao kwa siri. Itilima ilipoingia kwenye habari katika miaka ya karibuni kwa sababu ya fisi walioshambulia watu, wakiwemo watoto, maneno ya uchawi yalivuma sambamba na msako wa wanyama hao.

Hapa ndipo ninapoona hatari ya kundi la wakali likitolewa kwenye kioo na kupelekwa mitaani. Ndani ya gemu mchawi yupo kweli: anaishi kwenye kibanda cha kinamasi, anarusha chupa za sumu, na mwandishi wa programu amemwumba awe adui. Usukumani, mwanamke mzee mwenye macho mekundu amewahi kuhesabiwa katika kundi hilo na kuuawa kwa mapanga, wakati wekundu wa macho yake ulitokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani ya aina hiyohiyo. Simlaumu aliyetengeneza gemu, wala sisemi mtoto akimpiga mchawi kwenye simu atakwenda kumdhuru bibi wa jirani. Nasema kwamba wazo la kiumbe aliyezaliwa adui, asiye na sababu, asiyeweza kubadilika, ni wazo linalofaa kwa programu tu. Hata Minecraft yenyewe inalilegeza: mwanakijiji aliyegeuzwa zombi anaweza kuponywa kwa dawa na tofaa la dhahabu, akarudi kwenye kazi yake.

Fisi wa kweli, kwa upande wake, haendi mbali na sababu zake. Hufuata mizoga, mabaki ya machinjioni, mbuzi wasiofungiwa vizuri na watoto wanaotembea peke yao alfajiri. Mapango na vichaka vya vilima vya mawe vilivyotapakaa Simiyu humpa mahali pa kulala karibu na watu. Ukiyajua hayo unajua pa kuanzia: zizi imara, taka zifukiwe, watoto waende shule kwa makundi.

Sasa nifike kwa wa katikati, ambao kwangu ndio moyo wa uchambuzi huu. Buibui wa Minecraft hana neno na mtu mchana, ila giza likiingia anashambulia. Mbwamwitu hupita kando yako kwa amani, lakini ukimpiga mmoja kundi zima linakuvamia, na ukimpa mfupa anageuka mbwa wako. Enderman, mrefu na mweusi, hana shida na mtu yeyote asiyemtazama usoni. Nyuki hukusanya mbelewele na kustawisha mazao mpaka uvunje mzinga wao. Hapo hukushambulia kwa pamoja, na yule aliyekuchoma hufa baadaye. Ukiwasha moto chini ya mzinga, moshi huwatuliza ukarina bila kudhurika. Mrina asali yeyote wa Tanzania anayetumia mizinga ya magogo angeitambua kazi hiyo mara moja. Katika kundi hili watengenezaji waliacha kuuliza kiumbe ni nani, wakauliza ni saa ngapi, uko umbali gani, umefanya nini, na nani amekuona.

Maswali hayo ndiyo yanayomhusu tembo. Mchana, akiwa ndani ya Serengeti, watalii hulipa fedha za kigeni kumtazama akiogea vumbi. Usiku, akiwa ndani ya shamba la mahindi wilayani Bariadi, Meatu au Busega, anaweza kumaliza kazi ya msimu mzima kabla hakujakucha, na anayejaribu kumfukuza peke yake anaweza kufa. Ni mnyama yuleyule. Wanaovamia mashamba zaidi ni madume, huja usiku, na huja mazao yanapokaribia kukomaa. Zaidi ya hapo kuna historia. Kati ya 2009 na 2014 ujangili uliangusha idadi ya tembo wa Tanzania kutoka takribani 109,000 hadi takribani 43,000, huku katika mfumo wa ikolojia wa Serengeti na Mara sensa ya 2014 ikikuta zaidi ya 7,000, zaidi kuliko miaka iliyotangulia. Watu nao wameongezeka upande wa pili wa mpaka. Haki ya tembo kuwepo haipunguzi haki ya mkulima kuvuna, na yeyote anayezungumzia moja bila nyingine anazungumza akiwa mbali na shamba.

Mbinu za kumrudisha zinafanana sana na kanuni za kundi la katikati: badilisha hali, tabia itabadilika. Wapo wanaofunga kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, wanaochoma matofali ya kinyesi na pilipili ili moshi uwafikie, wanaomulika tochi na kupiga madebe. Nchini Kenya, mtafiti Lucy King alionyesha kwamba tembo huogopa sauti ya nyuki, akabuni uzio wa mizinga iliyounganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Uzio huo umeenea nchi nyingi, na mkulima hupata asali juu yake. Sioni kwa nini vijiji vya Simiyu vilivyo mpakani visipewe mitaji ya mizinga kwa wingi, kwa sharti kwamba maji na maua ya kuwalisha nyuki yapatikane, kwa maana mzinga usio na nyuki ni gogo tu linaloning'inia.

Pamoja na uzuri wake, gemu linakosa jambo kubwa kuhusu kundi hili, nalo ni kumbukumbu. Mbwamwitu uliyemkasirisha, ukimkwepa kwa muda hasira yake huisha kana kwamba hakikutokea kitu. Tembo hujifunza. Akigundua kuwa debe linapigwa na hakuna kinachofuata, kesho hatalijali. Akijeruhiwa na watu mahali fulani, atawakumbuka. Kila mbinu ina umri wake, na mkulima hulazimika kuzibadilisha kwa zamu. Programu inayotaka kumwiga tembo sharti iandikwe upya kila wiki na tembo mwenyewe.

Kasoro ya pili ni kwamba viumbe wa Minecraft hawaambukizani magonjwa, kwa hiyo kila kundi linakaa kivyake. Simiyu na Serengeti zinasema vingine. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa mbwa uitwao distempa uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu 1,000 kati ya 3,000, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa kufugwa katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mbwa, ambaye kwenye gemu ni rafiki unayempata kwa mfupa! Uchunguzi wa baadaye uliongeza kipande kingine: ukame wa 1993 uliwadhoofisha nyati, nyati wakajaa kupe, na simba waliowala wakapata vimelea vya babesia, miili yao ikashindwa kuhimili virusi. Tangu hapo chanjo za mbwa vijijini zimekuwa ngao ya simba na pia ya watu, kwa kuwa kichaa cha mbwa huua wote wawili.

Mfano wa kinyume unanifurahisha zaidi. Sotoka ilikuwa inaua ng'ombe na nyumbu pamoja tangu ilipoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890. Ng'ombe walipochanjwa kuzunguka Serengeti, nyumbu nao wakapona, wakapanda kutoka takribani 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi takribani milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Msafara wa nyumbu ambao dunia nzima hupanda ndege kuuona unadaiwa sana na sindano zilizochomwa kwenye ng'ombe wa wafugaji. Nadhani watoto wa Bariadi wangefundishwa hili shuleni wangetembea vifua mbele.

Halafu kuna viumbe ambao hawaingii kundi lolote. Kweleakwelea mmoja hana ubaya, ni ndege mdogo anayekula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Wakija mamilioni shamba la mtama au mpunga halibakizi kitu, na serikali hulazimika kutuma ndege za kunyunyizia sumu. Minecraft haina kiumbe anayegeuka adui kwa wingi tu. Haina pia mbung'o, mdudu aliyeamua kwa karne nzima watu wa Usukumani wakae wapi na walishe wapi, kiasi kwamba utawala wa Waingereza uliweka kituo kikuu cha utafiti wake Shinyanga.

Mchezaji aliyechoshwa na vitisho anaweza kuchagua hali ya amani, wakali wote wakatoweka. Anaweza pia kuunda jitu la chuma lilinde wanakijiji. Wasukuma na Wanyamwezi walijiundia ulinzi wao, sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe, lakini hakuna sungusungu wa tembo, na hali ya amani haina kitufe. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni za 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa na wanyama hatari, na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kufiwa. Majina hayo ni ya kweli kabisa: yanakiri kwamba hasara hailipwi, inapanguswa. Heri fedha hizo zifike mapema, na heri zaidi zitumike kabla jasho na machozi havijatoka.

Linabaki suala la nani anatunga dunia hizi. Minecraft ina mazingira ya savana yenye migunga na nyasi za rangi ya dhahabu. Ukiingia humo utakuta farasi na lama, na tangu 2024 armadilo, anayefanana na kakakuona. Tembo, twiga, pundamilia na simba hawamo. Mwaka 2018 watengenezaji waliwapigisha wachezaji kura ya mazingira yapi yaboreshwe kwanza. Savana ilikuwa miongoni mwa matatu yaliyoshindanishwa, ikiahidiwa mibuyu, mbuni na mchwa, lakini ushindi ulikwenda kwa misitu ya baridi ya kaskazini, na mbweha wakaingia.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa vijana wanaojifunza kuandika programu, wawe Bariadi, Mwanza au Dar es Salaam. Minecraft inaruhusu mtu kutunga nyongeza zake na kuandika upya tabia za viumbe katika mafaili ya kawaida ya maandishi, na zana za kutengeneza magemu kutoka mwanzo zinapatikana bure mtandaoni. Tungeni tembo anayekumbuka, fisi anayefuata taka, mbwa anayehitaji chanjo, ng'ombe mwenye kiu na mwenye mwenyewe. Kabla hamjaandika mstari wa kwanza, nendeni mkakae na mkulima wa Meatu au Itilima usiku mmoja wa mahindi mabichi, mumwulize ni lini mnyama hubadilika, na mwandike hayo atakayowaambia.